Marekani, Tetroni, Mitumba: Moshi Uliomo Kwenye Majina ya Nguo

Nenda duka lolote la vitambaa Kariakoo, ulizia marekani. Utashushiwa jora la pamba isiyong'arishwa, ile yenye rangi ya maziwa yaliyolala, ambayo watu hushonea mifuko, bitana na foronya. Muuzaji atakupimia mita zako na kukata bila kufikiria nchi yoyote. Kwake yeye marekani ni kitambaa. Kiswahili kina tabia hii: kinakipa kitu jina la kilikotoka, halafu kinasahau kilikotoka.

Ninaandika habari za mazingira, na kila msimu wa makongamano zinanifikia taarifa zilezile: viwanda vya mavazi vinatoa asilimia 10 ya gesijoto zote duniani. Hiyo asilimia 10 nitairudia, maana ina vituko vyake. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba historia katika taarifa hizo huanza juzi, miaka ya 2000, maduka ya Ulaya yalipoanza kuuza nguo za kuvaa mara tatu na kutupa. Afrika Mashariki tunaingia mwishoni kabisa, kama jalala. Ukifuata majina ya nguo zetu wenyewe unapata hadithi nyingine, ndefu zaidi, na sisi tumo tangu mwanzo.

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, Sultani wa Muscat na Unguja. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, mji wa bandari huko Massachusetts. Watu wa Salem walitaka pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini huku Mrima ukaenda kutengenezewa vanishi za samani. Na wao walileta kitambaa cha pamba kisichong'arishwa. Kilikuwa kizito, kinachovumilia shida. Haukupita muda kikawa kimevisukuma pembeni vitambaa vya India vilivyokuwa vimetawala pwani yetu kwa karne nyingi.

(Wala tusijidanganye kwamba kabla ya hapo tulikuwa uchi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikiuzwa hadi Misri. Kilwa wamechimbua vigae vya kusokotea nyuzi. Ufipa waliendelea kufuma pamba yao hadi wakoloni wakawakuta. Hiyo yote ilikuwa nguvu ya mikono na miguu, na moshi wake ulikuwa wa jikoni tu.)

Marekani haikuishia kuvaliwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliibeba kama pesa. Hongo kwa watemi ililipwa kwa marekani, posho ya wapagazi ilikatwa kutoka kwenye marekani. Richard Burton alipopita njia hiyo mwaka 1857 alihesabu jora kwa jora, kwa sababu msafara ukiishiwa kitambaa ulikuwa umeishiwa chakula. Vipimo vya biashara ile bado tunavyo mdomoni: shuka, doti, jora.

Sasa hapa ndipo pananivutia. Viwanda vya kwanza vya Massachusetts vilivyofuma kitambaa cha namna hii viliendeshwa na maji. Mji wa Lowell ulijengwa kwenye maporomoko ya mto Merrimack kwa ajili hiyo hasa. Salem haikuwa na maporomoko, ilikuwa na gati. Kwa hiyo mwaka 1839 ilisajiliwa pale kampuni ya Naumkeag Steam Cotton Company, na mwaka 1847 kiwanda chake kikaanza kazi kwa nguvu ya mvuke, kikila makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli. Miongoni mwa walioweka mitaji walikuwemo wafanyabiashara waliokuwa wakituma meli zao Unguja. Faida ya pembe na sandarusi ikanunua boila.

Tazama basi mnyororo wa ugavi wa wakati ule, maana ulikuwepo hata kama neno lenyewe halikuwepo. Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ikasokotwa na kufumwa kaskazini, sehemu kwa maji, sehemu kwa makaa. Ikavuka bahari kwa tanga. Ikapandishwa bara kwenye mabega ya watu, na ikabadilishwa na pembe zilizoshuka kwenye mabega hayohayo, huku karafuu za Unguja na Pemba zikichumwa na watumwa wengine. Katika viungo vyote hivyo, kilichoacha hewa ukaa ya kudumu ni boila. Usafiri ulikuwa wa upepo na wa misuli. Likumbuke hilo, kwa sababu tutalikuta tena karne moja na nusu baadaye.

Hakuna aliyehesabu, na hakukuwa na sababu ya kuhesabu. Mwaka 1859, Burton akiwa ametoka tu huku kwetu, mwanasayansi John Tyndall alikuwa maabara London akipima jinsi gesi mbalimbali zinavyonasa joto, hewa ukaa ikiwemo. Lakini makaa yanapoungua sehemu ya hewa ukaa yake hubaki angani kwa maelfu ya miaka. Kwa maana hiyo marekani ya mwaka 1847, ambayo uzi wake umeoza zamani, bado imo juu yetu.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani ilipoanza mwaka 1861, bei ya pamba yao ikapanda na meli zikapungua. Waingereza wakaziba pengo, na baadaye viwanda vya mvuke vya Bombay. Wakafuma nini? Marekani. Kulikuwa na marekani ya Uingereza na marekani ya Bombay, jina likiwa limegota palepale huku boila likihama bara. Nadhani hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza kuhusu nguo na gesijoto, na wataalamu wetu wengi hulifikia kwa njia ndefu: kwa mvaaji kitambaa kinabaki kilekile hata kama moshi wake umehamia kwa jirani.

Rangi nazo zina hadithi yake. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutoka kwenye lami inayobaki makaa ya mawe yanapogeuzwa kuwa gesi ya taa. Miaka michache baadaye wekundu uliokuwa ukitolewa kwenye mizizi ya mmea ukaanza kutengenezwa kutoka kwenye lami hiyohiyo, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaleta sokoni nili ya kiwandani. Nili ya mmea, iliyoipa kaniki giza lake, ikaanza kufa. Ni miaka hiyohiyo ambapo wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakiifanya kanga kuwa kanga: kutoka leso zilizounganishwa, hadi doti zilizochapwa Uholanzi, Uingereza na India kwa ajili yao tu. Tunaisifu kanga kwa maneno yake, na inastahili. Ila ule wekundu mkali tunaouita wa asili, kwa muda mrefu kikemia umekuwa mtoto wa makaa ya mawe.

Pamba yenyewe ilikuja kwetu kwa kiboko. Wajerumani hawakutaka kuendelea kutegemea pamba ya Marekani, hivyo kuanzia mwaka 1902 wakawalazimisha watu wa kusini mwa Tanganyika kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kwa malipo yasiyonunua hata chumvi ya maana. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliing'oa. Ndivyo vita ya Maji Maji ilivyoanza, kwa kung'oa miche. Pamba iliyofanikiwa ilikuwa ile ya baadaye ya Usukuma, iliyolimwa na wakulima wadogo ambao kufikia mwaka 1955 walikuwa na shirikisho lao la ushirika, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani. Nchi ikapata uhuru ikiwa na pamba nyingi na viwanda vya kuhesabu kwa vidole.

Urafiki, pale Ubungo, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kikafuatwa na wenzake: Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Wazo lilikuwa sahihi na bado nalitetea: nchi inayouza pamba nyuzi na kununua shati inauza jasho kwa bei ya mchana na kulinunua kwa bei ya usiku. Lakini kiwanda cha nguo si cherehani nyingi zilizokusanywa chini ya paa moja. Ni nyumba ya maji ya moto. Uzi upakwe wanga, kitambaa kichemshwe, king'arishwe, kitiwe rangi, kikaushwe, na kila hatua inataka mvuke. Mvuke unataka kitu cha kuunguza. Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, na vipuri na kemikali zikakauka nazo. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa Shinyanga wakati huo, anakumbuka kulima pamba ekari mbili na kukosa kitambaa cha kushonea sare ya mwanawe. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na watu walitupa majora ya vitambaa porini usiku ili wasikutwe nayo.

Nalisema hili kwa sababu kuna hadithi rahisi kwamba mitumba ndiyo iliyoviua viwanda. Mitumba iliruhusiwa kuingia kwa wingi biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Ilimkuta mgonjwa kitandani. Ilimmalizia, sikatai, lakini haikumlaza.

Kabla ya mitumba kulikuwa na tetroni. Wazee wetu wa miaka ya 1970 wanaijua: suruali isiyokunjamana, pasi mara moja kwa wiki, mshono unaokata kama wembe. Jina limetokana na Tetoron, chapa ya Kijapani ya poliesta. Poliesta yenyewe ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wakemia wawili wa kampuni ya kuchapa vitambaa vya pamba, Whinfield na Dickson. Inatengenezwa kwa mafuta ya petroli. Hapa makaa na mafuta hayakuwa tu ya kuendeshea mtambo wala ya kutia rangi, yalikuwa ndiyo uzi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta, na kuitia rangi kunataka maji ya nyuzijoto zipatazo 130, ndani ya chungu kilichofungwa kwa shinikizo. Tetroni ilikuwa vazi la heshima. Ilikuwa pia mwanzo wa nguo isiyooza.

Basi, hiyo asilimia 10. Inanukuliwa kila mahali na ukiifuatilia huoni hesabu iliyoizaa. Hesabu zilizofanywa kweli zinatoa namba ndogo zaidi, na hazilingani. Taasisi ya Ellen MacArthur mwaka 2017 ilitoa tani bilioni 1.2 kwa mwaka. McKinsey na Global Fashion Agenda, mwaka 2020, wakatoa tani bilioni 2.1, sawa na asilimia 4 ya dunia. World Resources Institute na Apparel Impact Institute, mwaka 2021, wakatoa tani bilioni 1.025, yaani asilimia 2 hivi. Tofauti ya mara mbili kati ya wataalamu! Sababu si uzembe. Kila mmoja alichora mpaka wake: wengine wanahesabu kufua na kupiga pasi, wengine wanaishia mlangoni mwa kiwanda. Mimi mwandishi wa habari natamani wenzangu waiache ile 10. Asilimia 2 ya uchafuzi wa dunia nzima ni nyingi vya kutosha kwa ajili ya fulana.

Cha maana ni moshi huo unakaa wapi ndani ya mnyororo. Kwa hesabu ya mwaka 2021, zaidi ya nusu uko kwenye kutengeneza kitambaa: kufuma, kuchemsha, kutia rangi, kukausha. Kushona kunachukua chini ya sehemu moja ya kumi. Shamba na visima vya mafuta vinachukua karibu robo. Meli inayovuka bahari na makontena ni sehemu ndogo mno, kinyume na tunavyodhani. Ni hadithi ya Salem ileile, boila ndilo lenye neno.

Ndiyo maana sikubali moja kwa moja ule msemo kwamba nguo ya nyumbani ni rafiki wa mazingira kwa kuwa haikusafiri. Ikichemshwa kwa mafuta mazito au kuni za msitu, umbali hausaidii. Tuitetee kwa ajira na heshima, hoja hizo zinatosha. Na mfano wa upande wa pili uko jirani. Viwanda vya Athi River, Kenya, vimekuwa vikishona jinzi na fulana za soko la Marekani chini ya mpango wa AGOA ulioanza mwaka 2000. Umeme wa Kenya kwa zaidi ya asilimia 80 unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Ukiutazama utasema hii ni nguo safi kuliko zote. Lakini AGOA iliruhusu kitambaa kitoke popote, na kwa sehemu kubwa kimetoka China na India, kwenye umeme na maboila ya makaa ya mawe. Kenya imekuwa ikishona ile sehemu moja ya kumi.

Wakati huohuo pamba ya Simiyu na Shinyanga, inayonyeshewa mvua, inayochumwa kwa mkono, na ambayo wakulima wake wengi hawatii mbolea ya chumvichumvi, sehemu kubwa inafungwa robota na kuuzwa nje. Mbolea za naitrojeni hutoa gesi yenye uwezo wa kunasa joto zaidi ya mara 260 ya hewa ukaa, kwa hiyo si jambo dogo kutoitumia. Meatu kuna wakulima waliosajiliwa katika kilimo hai cha pamba tangu mwaka 1994. (Mavuno yao kwa ekari ni madogo, na wanaolisifia shamba lisilo na mbolea mara nyingi si wanaolilima.) Uzi msafi unaondoka huku, unakutana na makaa ya mawe huko, na unarudi.

Unarudi ukiwa mitumba. Neno lenyewe ni mzigo, furushi; wengine zamani waliita kafa ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe lazima atakuwa amekufa, maana nani mzima angegawa koti zima namna hii? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni kufikia 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani kikalalamika serikalini kwao, Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, na Julai 2018 Rwanda ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo kule. Katika ugomvi wote ule sikusikia mtu akitaja gesijoto.

Sasa zinatajwa, na ndipo penye hatari. Kampuni za mavazi zinaandika daftari za hesabu ya gesijoto, na mwongozo wa mwaka 2011 unazitaka zihesabu hadi kinachotokea baada ya nguo kuuzwa. Fulana ya mtu wa Hamburg ikitiwa kwenye sanduku la hisani na kupelekwa kuvaliwa tena Dar es Salaam, huko inaitwa gesijoto zilizookolewa. Kwa kiasi fulani ni kweli: mtu wa Mbagala akinunua shati la mtumba, kuna shati jipya la poliesta ambalo hakulinunua. Lakini muulize yeyote anayefungua belo pale Karume. Belo lina nguo za daraja la kwanza zinazorudisha mtaji, lina za kati, na lina zile za mwisho, zilizopasuka makwapa, ambazo hazipati mteja hata kwa bei ya kufutia baiskeli. Hizo hupelekwa Pugu Kinyamwezi au huchomwa nyuma ya vibanda. Ikiwa ni poliesta, hapo ndipo mafuta ya petroli yanapomalizia kuungua. Kwa sheria za hesabu za kimataifa, moshi unahesabiwa kwa nchi ulipotokea. Kuokoa kumeandikwa Hamburg, kuchoma kumeandikwa Tanzania, na fundi cherehani wa Karume anayepunguza suruali ya kiuno cha 42 iwe ya 32, ambaye ndiye kwa kweli anayeiongezea nguo maisha, hayumo kwenye daftari lolote.

Umoja wa Ulaya ulitoa mkakati wake wa nguo mwaka 2022, na sheria ya mwaka 2024 inaelekea kuzitaka nguo ziwe na pasipoti ya kidijitali: uzi ulitoka wapi, ulitiwa rangi wapi. Napenda wazo. Naogopa pia, kwa sababu pasipoti ina gharama, na katika mnyororo huu gharama huteremka hadi kwa asiye na wa kumteremshia. Mkulima wa Maswa atatakiwa kuthibitisha kwamba pamba yake ni safi, wakati mwenye boila la makaa ataombwa apange ratiba ya kupunguza.

Kwa upande wetu tuna bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Serikali inasema inataka pamba isokotwe na kufumwa nchini. Katika hotuba hizo nasikia ekari, ajira, fedha za kigeni. Boila litakuwa la nini, la umeme, la gesi ya Songosongo au la makaa ya Ngaka, hilo bado sijalisikia mahali, na mashine za namna hiyo zikishafungwa hukaa miaka thelathini.